Kutoka "Kwao" hadi "Kwetu": Masimulizi ya Mwongoza Watalii wa Unguja na Masikio ya Mtu wa Kabungu



Mada niliyoichagua huenda ikawashangaza baadhi yenu. Katika mihadhara ya namna hii tumezoea kusikia habari za ngeli, za arudhi au za uhakiki wa riwaya. Mimi leo nitazungumza juu ya matembezi ya siku moja: gari moja, dereva, mgeni mmoja, na kijana mwongoza watalii aliyekodiwa tangu asubuhi hadi magharibi ili kumzungusha mgeni huyo katika kisiwa cha Unguja. Mgeni mwenyewe nilikuwa mimi. Nilikwenda kupumzika, lakini mwalimu wa lugha hana likizo. Masikio yake huenda naye kila aendako.

Hoja yangu ni moja. Masimulizi ya waongoza watalii ni utanzu hai wa fasihi simulizi yetu, ila ni utanzu uliolelewa katika lugha za kigeni. Pale unaposimuliwa kwa Kiswahili, tena kwa msikilizaji wa nchi hii, maneno peke yake hayatoshi kubadilika. Hadithi yenyewe hulazimika kubadilika.

Msikilizaji na Atokako

Ili hoja hii ieleweke, sina budi kueleza kwanza masikio yaliyosikiliza yalitoka wapi. Nimezaliwa Kabungu, katika nchi ya Mpanda, ambayo tangu 2012 imo katika Mkoa wa Katavi. Kutoka huko hadi pwani ni zaidi ya kilomita elfu moja. Nilipokuwa mtoto, bahari ilikuwa neno la darasani. Maji makubwa tuliyoyajua yalikuwa Ziwa Tanganyika. Nyumbani tulisema Kibende, na Kiswahili tukakipata shuleni, kanisani na sokoni, tulikokutana na Wapimbwe, Wakonongo na Wafipa.

Lakini Kiswahili hicho kilitangulia shule. Katika karne ya 19 kilisafiri na misafara iliyotoka Bagamoyo na Unguja, ikapita Tabora hadi Ujiji na ng'ambo ya ziwa. Misafara iliyokwenda bara na nguo, shanga na bunduki ndiyo iliyorudi pwani na pembe za ndovu na watu waliofungwa. Njia iliyotuletea lugha ndiyo iliyowachukua watu wetu. Jambo hili nililijua kwa kulisoma vitabuni, na nimelifundisha kwa miaka mingi. Sikuwa nimewahi kuambiwa habari zake ana kwa ana na mtu wa upande wa pili wa njia.

Mkunazini: Fanani Anapokwama

Tulianza Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Kijana wangu alinipokea kwa Kiswahili kitamu cha Unguja, akaniuliza hali na safari, akawafukuza kwa upole papasi wawili waliotaka kujiunga nasi. Kisha tukaanza kazi, naye akaingia katika Kiingereza bila hata kujitambua.

Nilimwacha aendelee kwa muda, maana nilivutiwa. Masimulizi yake yalikuwa na muundo ambao mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi angeutambua. Kila kituo kilikuwa na kifungulio chake na kifungio chake. Kulikuwa na tarakimu za kutajwa kwa sauti ya juu, kichekesho cha mahali, kimya kilichopangwa, na swali linaloulizwa ili lisijibiwe. Fanani huyu aliijua hadhira yake. Bahati mbaya hadhira aliyoijua haikuwa mimi.

Tulipofika Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa na ambapo sasa lipo kanisa kuu la Kianglikana lililoanza kujengwa 1873, nilimwambia, "Kijana wangu, hapa niambie kwa Kiswahili."

Akacheka kidogo. "Unisamehe, mwalimu. Hadithi hii sijawahi kuisema kwa Kiswahili. Kila siku naisema kwa Kiingereza, na wakija Wataliano naisema kwa Kitaliano."

Akajikusanya, akaanza: "Basi hapa, mwalimu, watumwa walikuwa wakiletwa kutoka bara. Wakikamatwa huko kwao, wakafungwa minyororo, wakatembezwa miezi..." Hapo akanyamaza. Hakikuwa kile kimya kilichopangwa. Akanitazama, kisha akasema taratibu: "Nisamehe. Huko kwenu."

Ndugu zangu, mhadhara wangu wote umo katika silabi hizo mbili, kutoka "kwao" hadi "kwenu". Mtalii aliyetoka Milano au Stockholm husikiliza habari za "wao": wao waliouza, wao waliouzwa. Yeye hayumo, na msimulizi naye aweza kusimama kando. Mbele ya msikilizaji wa bara, Kiswahili kilimtaka fanani achague: ni kwao, ni kwenu, au ni kwetu? Sarufi ikawa imeuliza swali ambalo historia ya matembezi ilikuwa imeliruka.

Msamiati Usiotafsirika kwa Urahisi

Baada ya hapo alisimulia polepole zaidi, na kila hatua alikutana na uchaguzi mwingine. Kwa Kiingereza alikuwa na neno moja tu la kumtaja mtu aliyeuzwa. Kiswahili kilimpa mengi, na kila moja lina hukumu yake. Mateka ni mtu aliyetekwa. Neno lenyewe linakumbuka kwamba yupo aliyeteka. Mtumwa ni mtu anayetumwa. Neno hili linataja kazi, na linaficha namna alivyopatikana. Kuna mjakazi, aliye mwanamke. Kuna suria, ambaye watoto aliomzalia bwana wake walihesabiwa kuwa huru. Kuna mzalia, aliyezaliwa utumwani pwani, na ambaye hakupenda kulinganishwa na mgeni aliyefika jana. Na juu yao wote kuna mwungwana. Tena kuna neno ambalo kijana wangu hakulitamka, nami sikumlazimisha: mshenzi. Leo ni tusi la mtu yeyote, lakini wakati wa misafara lilikuwa jina ambalo mtu wa pwani aliweza kumwitia mtu wa bara, yaani babu yangu.

Hapo Mkunazini pana jambo jingine linalotuhusu sisi wa taaluma hii. Nyuma ya altare amezikwa Askofu Edward Steere, aliyefariki 1882. Watalii huambiwa kwamba ndiye aliyejenga kanisa. Sisi tunamjua kwa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja na mkusanyo wake wa hadithi, vyote vya 1870. Kazi za namna hiyo zilichangia kukipa Kiunguja nafasi kilipochaguliwa, katika mkutano wa Mombasa wa 1928, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Basi kiwanja kile kinakumbusha biashara iliyotuchukua, na kinakumbusha pia lugha ninayowasemesha sasa. Si rahisi kusimama pale ukashukuru, wala si rahisi kusimama ukalaani tu.

Karafuu Zisizo na Mikono

Kutoka mjini tulikwenda kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani. Kijana alirudi katika furaha yake. Nikanusishwa mdalasini, hiliki, mchaichai na kungumanga iliyovikwa basibasi yake nyekundu. Hapa Kiswahili kilimtiririka, maana majina haya ni yake tangu utotoni. Akaeleza namna karafuu inavyochumwa, inavyochambuliwa na kuanikwa, na jinsi dhoruba ya 1872 ilivyoangusha mikarafuu ya Unguja.

Nilimuuliza, "Na mashamba haya katika siku hizo, nani aliyekuwa akichuma?"

Alijibu mara moja, "Watumwa." Kisha akashangaa mwenyewe. Katika matembezi yake ya kila siku, watumwa walikwisha Mkunazini saa tatu asubuhi, wakapelekwa ng'ambo kwa majahazi. Kizimbani yalibaki manukato. Lakini wengi wa waliouzwa hawakuvuka bahari tena. Walipelekwa mwendo wa saa chache kutoka sokoni, wakapanda na kuchuma karafuu hizi tunazonusa. Mpangilio wa vituo ulikuwa umeikata habari moja vipande viwili, kimoja cha huzuni na kimoja cha starehe.

Tukaendelea hadi Mangapwani, kwenye chumba kilichochongwa ndani ya mwamba wa matumbawe, ambacho husimuliwa kuwa walifichwa humo watu baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa Juni 1873. Matembezi mengi huutaja mwaka huo kuwa ndio mwisho. Kwa kweli mkataba ule ulifunga masoko na kuzuia kusafirisha watumwa baharini. Hadhi ya utumwa kisheria iliondolewa Unguja na Pemba mwaka 1897, na masuria wakangoja hadi 1909. Kwetu Tanganyika sheria ya kuufuta utumwa ilikuja 1922. Mwaka mmoja wa Unguja haukutosha kuwa mwisho wa Kabungu.

Tuliposhuka ngazi za chumba kile, kijana hakusema neno la Kiingereza wala la Kiswahili. Tulipotoka juani ndipo aliposema: "Mwalimu, bibi mzaa bibi yangu, nyumbani walikuwa wakisema ni Mmanyema." Wamanyema ni watu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, magharibi ya kwetu. Kisha akaongeza: "Kwa hiyo hata mimi nisiseme kwenu. Niseme kwetu."

Jioni tulikuwa Kizimkazi, kwenye msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Kisiwa hiki kilikuwa na watu, ibada na maandishi karne nyingi kabla ya karafuu, wala sitaki mtu aondoke hapa akidhani kwamba utumwa ndio historia yake yote. Lakini hata pale niliona kwamba kijana wangu sasa alisimulia kwa namna nyingine. Aliuliza alipokuwa na shaka. Alisema "husemekana" pale ambapo asubuhi angesema "ilikuwa". Aliyekuwa akikariri sasa alikuwa akiwajibika kwa maneno yake.

Swali la Mjomba

Niliporudi Kabungu mwaka huohuo, jioni moja niliketi na ndugu zangu nikawahadithia. Nikagundua kwamba zamu ya kuongoza ilikuwa yangu. Niliwaeleza sanamu za watu watano waliofungwa minyororo shimoni pale Mkunazini, zilizowekwa 1998. Nikajiona natumia kifungulio cha kijana yule, na kimya chake.

Nilipomaliza, mjomba wangu, mzee ambaye hajapata kuiona bahari, aliuliza jambo moja tu: "Haya, mjomba, hao watu waliochukuliwa, majina yao yapo?"

Sikuwa na jibu. Siku nzima nilitajiwa masultani, maaskofu, mabalozi na wafanyabiashara. Nilionyeshwa mlango wa nyumba ya Tippu Tip, ambaye tunamsoma darasani kwa kuwa tawasifu yake ni miongoni mwa zile za kwanza za Kiswahili. Hakutajwa hata mateka mmoja kwa jina lake. Nami, mwalimu, sikuwa nimeuliza.

Majina yapo, wapenzi wasikilizaji. Yupo Rashid bin Hassani, Mbisa aliyetekwa utotoni akafikishwa Unguja, ambaye habari zake alizozisimulia mwenyewe zilichapishwa 1936 katika kitabu kilichohaririwa na Margery Perham. Na yupo mmoja aliyeishi katika mkoa wangu mwenyewe. Adrian Atiman alitekwa akiwa mtoto katika nchi za Mto Niger, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea udaktari Malta, akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Aliwatibu watu huko hadi alipofariki 1956. Jioni ile nilimtaja Atiman. Mjomba akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Huyo basi ni wetu."

Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, sikuja kumlaumu kijana aliyeniongoza. Alisimulia hadithi aliyopewa, katika lugha aliyoombwa, kwa wasikilizaji wanaolipa. Lawama, kama ipo, ni yetu sisi tulioacha kazi hiyo ifanywe bila Kiswahili, kana kwamba wenye lugha hawatembei.

Ninaomba mambo mawili. Kwanza, wanafunzi mnaotafuta mada za utafiti, nendeni mkarekodi masimulizi haya Unguja, Bagamoyo, Kilwa na Ujiji. Yarekodini katika Kiingereza, kisha mwombeni msimulizi yuleyule ayaseme kwa Kiswahili, na mwangalie anakwama wapi. Hapo alipokwama ndipo penye utafiti. Pili, wahadhiri wenzangu, tuwaandikie waongozaji wetu vitabu vidogo vya Kiswahili, vyenye miaka iliyo sahihi, vyenye msamiati uliochambuliwa, na vyenye majina ya watu waliochukuliwa, kila tunapoyapata.

Siku moja atakuja mgeni mwingine kutoka Kabungu. Atavuka kwa boti, ataajiri kijana na gari, na atasimama Mkunazini. Ningependa akute kwamba neno la "kwetu" limeshatangulia kufika.