Kumwandaa Mgeni wa Kinsevere: Kiswahili cha Kusikiliza Kabla ya Kiswahili cha Kuamuru



Nimeombwa kueleza jinsi ya kumwandaa mtu anayetoka nje kuja kuishi na kufanya kazi Kinsevere, mgodi wa shaba ulio karibu na Lubumbashi. Habari za viza, chanjo ya homa ya manjano na kinga ya malaria kila ofisi inazo. Kwamba Kifaransa ni lugha rasmi, na kwamba Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Chiluba ni lugha za taifa, Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya 2006 imekwisha kusema. Naomba nipite hapo haraka.

Linalonisumbua kwa miaka mingi ni hili: tunamfundisha mgeni kuamuru, hatumfundishi kusikiliza.

Desturi hii ni ya zamani. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini iliyoanzishwa 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, hata Rwanda na Burundi. Kiswahili kikawa lugha ya kazi, na vijitabu walivyopewa mabwana vikajaa vitenzi vya amri: leta, beba, ngoja, ondoka. Vya leo vina picha za rangi, ila mgeni bado anamaliza somo akijua kusema "haraka" na hajui kuuliza "umeona nini?" Na kusikiliza ni suala la usalama: shaba ya hapa huyeyushwa kwa asidi ya salfa. Fundi akimwambia msimamizi wake "asidi iko namwangika", yaani inamwagika, msimamizi hana nafasi ya kumtafuta mkalimani. Aelewe pale pale.

Jambo la pili limefungamana na hilo. Hata anayekuja na Kiswahili chake, kama dereva wa Tanzania aliyepita Tunduma na Kasumbalesa, hukuta watu wanasema "batu", "mu nyumba", "aksanti", na ugali unaitwa bukari. Wengine hucheka na kuanza kusahihisha. Mwenyeji akisahihishwa mara mbili hunyamaza, na mfanyakazi anayenyamaza mgodini ni hatari kwa wote. Inaniuma zaidi ninapowasikia walimu wenzangu wakikiita Kiswahili cha hapa kibovu. Kina sarufi yake, na wanaisimu wamekichunguza kwa muda mrefu. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville, mji ambao sasa ni Lubumbashi, kwa Kiswahili hichohicho, akisimulia maisha ya watumishi wa nyumbani wa wazungu. Lugha iliyobeba historia ya mji inaweza kubeba somo la usalama.

Simshutumu mwajiri yeyote. Najua ratiba za uzalishaji zinavyobana, na najua kwamba kazi zinapozidi, darasa ndilo la kwanza kufutwa. Lakini likifutwa, mgeni hubaki na mkalimani mmoja, na yote anayoyajua kuhusu watu wake hupita katika kinywa kimoja.

Kwa hiyo napendekeza masomo yaanze kabla ya safari, mgeni akiwa bado kwao, kwa sauti zilizorekodiwa na wasemaji wa Lubumbashi wenyewe, wanawake kwa wanaume. Akifika, saa za darasa zihesabiwe kuwa saa za kazi. Zisiwekwe usiku baada ya zamu. Maswali yatangulie amri katika kila kijitabu. Walimu waajiriwe kutoka vijiji vya jirani na vitongoji vya mjini, walipwe kama walimu. Mgeni afundishwe pia kusalimu kabla ya kuuliza la kazi, na kumwita mtu mzima papa au mama, hata kama huyo ni msaidizi wake. Kiswahili sanifu kifuate baadaye kwa anayekitaka, maana Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022 na kitamfaa. Mtihani wa mwisho usiwe wa kutafsiri maneno: fundi aeleze hitilafu kwa mwendo wake wa kawaida, mgeni arudie alichosikia, na fundi ndiye atoe alama. Asiyefaulu asikabidhiwe zamu mpaka arudie. Na narudia, kwa kuwa limekataliwa hapo awali: saa za darasa zihesabiwe kuwa saa za kazi.