Usifukie Talanta ya Mwanao

Dominika ya 33 ya Mwaka A (Mt 25:14-30)



Ndugu wapendwa, katika Injili ya leo tumesikia habari za bwana aliyesafiri, akawaachia watumwa wake mali yake: mmoja talanta tano, wa pili mbili, wa tatu moja. Mara nyingi macho yetu humwelekea yule aliyefukia talanta yake. Leo napenda tutafakari jambo linalotangulia. Bwana yule alipogawa mali, aliangalia uwezo wa kila mmoja. Aliwafahamu watu wake kabla ya kuwakabidhi kazi. Naye mwenye talanta mbili hakuulizwa kwa nini hakuleta kumi. Alileta nne, akapokewa kwa furaha ile ile aliyopokewa nayo mwenzake.

Sisi wa Kilimanjaro tungepaswa kulielewa jambo hili upesi. Mlima wetu ni mmoja, lakini hauoteshi zao moja. Kule chini, Chekereni, hustawi mpunga. Mahindi na alizeti hupenda tambarare. Kahawa na migomba hupenda vihamba vya Marangu, Kilema na Kibosho, penye mvua na ubaridi. Hakuna mkulima mwenye akili anayepanda mpunga kihambani Kibosho, kisha akaulaumu kwa kutozaa. Ajabu ni kwamba twaheshimu maumbile ya mmea kuliko maumbile ya mtoto wetu.

Naielewa hofu ya wazazi. Zamani baba aliweza kumrithisha mwanawe kihamba. Leo vihamba vimegawanywa mpaka havigawanyiki tena, na shule ndiyo imekuwa kihamba kipya. Basi matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, mzazi hukata shauri peke yake: huyu awe daktari, yule mwanasheria. Anayekwenda chuo cha ufundi stadi cha VETA huhesabiwa kuwa ameshindwa maisha.

Ndugu zangu, sisemi haya kama mtu asiye na kosa. Miaka mingi iliyopita, mama mmoja mcha Mungu alinijia akisema, “Baba Paroko, mwanangu huyu nimemtoa kwa Mungu, mwandikie barua aende seminari.” Kijana alikuwa mpole na mtumikiaji hodari wa altare. Lakini nilijua pia kwamba baada ya Misa hakukaa na wenzake. Alikuwa nyuma ya nyumba ya mapadre, amefungua jenereta yetu mbovu, mikono imejaa grisi, uso unang’aa. Niliyaona hayo, wala sikumwuliza kijana swali hata moja. Niliandika barua. Baada ya miaka minne alirudi nyumbani kwa aibu, na mama yake hakusema naye kwa muda mrefu. Mama yule alikosea kwa upendo. Mimi nilikosea kwa uzembe, kwa maana nilikuwa na macho ya kuona.

Leo kijana yule ni fundi wa pampu za maji. Juzijuzi pampu ya zahanati ya kijiji ilipoharibika, mama yake alikuwa wa kwanza kusema, “Mwiteni mwanangu.” Nilimshukuru Mungu kwa neno lile. Wito haukupotea, ni sisi tulioutafuta mahali pasipo pake.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwanasaikolojia wa Marekani, John Holland, tangu mwaka 1959 alieleza aina sita za hulka kuhusiana na kazi: wapo wanaopenda kazi za mikono na vyombo, wapo wachunguzi, wapo wabunifu, wapo wanaopenda kufundisha na kuhudumia watu, wapo wenye moyo wa kuongoza na kufanya biashara, na wapo wanaopenda utaratibu wa hesabu na kumbukumbu. Wengi wetu tuna mchanganyiko wa hizo. Maarifa haya ni kioo tu, si hakimu: humsaidia kijana kujitazama, wala hayamfungi.

Mtazameni Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere. Alikuwa mwalimu pale Pugu, akaacha kazi hiyo mwaka 1955 ili aliongoze taifa kudai uhuru. Cheo kilibadilika, hulka haikubadilika. Akiwa rais aliendelea kufundisha kwa hotuba na kwa vitabu, hata akatafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili. Na watu hawakuacha kumwita Mwalimu.

Huenda kijana mmoja ananisikiliza na kusema, “Padre, mimi nabeba mizigo ya wageni mlimani ili wadogo zangu wale. Nitachagua nini?” Mwanangu, kazi yako ni ya heshima. Hata Mtakatifu Paulo alishona mahema kule Korintho ili apate riziki, na wito wake wa kuhubiri haukufa. Fanya kazi iliyopo kwa uaminifu, lakini usiifukie talanta yako. Ipe walau saa moja kila juma, mpaka Mungu afungue mlango.

Vijana wapenzi, kabla ya kujaza fomu za masomo, jiulizeni mbele ya Mungu: Ni kazi gani hunifanya nisahau njaa? Watu wanaonifahamu huniomba msaada wa namna gani? Na je, kipaji hiki kitamfaa nani zaidi yangu mimi? Swali hili la tatu msiliache, maana talanta ni mali ya Bwana.

Wazazi, mtazameni mtoto kabla ya kumtuma. Nanyi makatekista, mnaowaona watoto wetu kila juma, msiishie kuwasikiliza sala walizokariri. Angalieni nani hupatanisha wenzake wanaogombana, nani hupanga viti bila kuambiwa, nani hutengeneza kilichovunjika; kisha mwambieni mzazi wake.

Siku ya hesabu, Bwana hatatuuliza kwa nini hatukuwa kama jirani. Atauliza tumefanyia nini kile alichotukabidhi sisi. Atujalie macho ya kukiona, na moyo wa kukitumia kwa faida ya wote. Amina.