Boksi Lililolazwa Ubavu

Wiki jana nilikwenda stendi kupokea asali ya Tabora, chupa sita, zawadi ya shangazi. Nikakabidhiwa boksi linalovuja. Nne zilikwisha pasuka. Nikamgombeza kuli mbele za watu.

Nyumbani nikalichana lile boksi, nikaona haya. Ndani ya kadibodi mna karatasi yenye mawimbi, nayo ni kama nguzo: yakisimama wima hubeba mzigo, yakilala hubonyea. Shangazi alikata boksi la sabuni akalifunga upya, mawimbi yakalala. Tena chupa ziligusana, juu yake gazeti moja tu. Gazeti lenyewe, nasikitika kusema, lilikuwa na maneno yangu haya haya.

Mwaka 1871 Albert Jones wa New York alipewa hataza ya karatasi hiyo ya mawimbi kwa kufungia chupa. Maboksi yake yalifuata baadaye. Chupa hulindwa na kile kinachokaa baina yake na mwenziwe: vipande vya kadibodi vilivyopishanishwa, kila chupa na chumba chake, kama kreti ya soda.

Nimerudi stendi mara mbili kumtafuta yule kuli. Sijamwona.