KITU KIKIINGIA JICHONI

Somo letu la leo ni juu ya macho, hasa macho ya mkulima wa mpunga.

Ninyi wa Chekereni, tangu mifereji ya Lower Moshi ilipomalizika mwaka 1987, mwaijua sana kazi ya kupura. Makapi yanaruka, upepo unavuma, mara ganda moja limemwingia mtu jichoni. Afanye nini?

Kwanza, asifikiche. Mbele ya mboni pana ngozi laini, angavu kama kioo, na ganda la mpunga lina ncha kali. Anayefikicha anaichubua ngozi hiyo kwa mkono wake mwenyewe.

Pili, anawe mikono, kisha amiminiwe jichoni maji safi mengi, yaliyochemshwa yakapoa. Si maji ya mfereji. Kitu kikikwama juu ya mboni, asikiguse.

Wako watu hutia maji ya majani au maziwa ya mama. Ndugu zangu, hapo ndipo jicho hupotea. Mchubuko wa mmea huweza kuingiwa na ukungu, nao huota polepole. Kwanza ni mwasho tu. Baada ya siku kadhaa ni doa jeupe, kisha kovu, na mtu haoni tena. Hata matone yaliyobaki nyumbani msitumie, maana mengine yana steroidi, ambayo huuzidisha ukungu.

Basi aende zahanati siku ile ile. Ikilazimu atapelekwa KCMC, Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, yenye idara ya macho. Huko hutiwa matone ya ganzi, kisha rangi inayong'aa kijani katika mwanga wa buluu, ili mchubuko uonekane. Mganga hukitoa kitu kwa ncha ya sindano, halafu hutoa dawa ya kuzuia vijidudu. Akiambiwa arudi kesho yake, arudi, hata kama maumivu yamepoa.

Lakini kipande cha chuma kikiruka katika kugonga jembe, kikachoma jicho, msikichomoe wala msioshe. Lifunikeni jicho kwa kikombe kisicholigusa, mwende hospitali mara moja.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini tusifikiche jicho?
2. Kwa nini dawa ya majani ni hatari?
3. Nani kijijini atampeleka mgonjwa hospitali usiku?