MALEZI YA WATOTO PALE WAZAZI WANAPOTENGANA KWA SABABU YA KIPIGO

(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara kwa watumishi wa Serikali na wananchi wa Kilosa na Mikumi. Yanachapishwa kwa faida ya wasomaji wetu wa Visiwani wenye jamaa Mkoani Morogoro.)

Wilaya ya Kilosa ina mila mbalimbali. Kwa Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, mtoto huhesabiwa upande wa mama na mjomba ana kauli kubwa. Kwa wafugaji na wengi waliofuata kazi za mkonge, mtoto ni wa ukoo wa baba. Hivyo ndoa ivunjikapo, kila upande hudai: "Mtoto ni wetu." Sheria inauliza jambo jingine: mtoto atakuwa salama wapi?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitaka Mahakama itangulize maslahi ya mtoto, kisha izingatie matakwa ya wazazi, ya mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kutoa rai yake, na mila za jamii. Aliye chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni vyema akae na mama, isipokuwa ithibitike vinginevyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kumtembelea mzazi wa pili. Zingatieni kwamba haki hiyo ni ya mtoto.

Sheria ya 1971 inatamka pia kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Hata hivyo, hutokea mama aliyekwisha kuondoka akapigwa tena siku ya kukabidhiana mtoto. Kwa hiyo tunashauri:

(a) Aliyejeruhiwa aripoti polisi, katika Dawati la Jinsia na Watoto, apewe fomu ya PF3 na atibiwe. Kumbukumbu hizo zitamfaa katika shauri la malezi.

(b) Aieleze Mahakama habari za kipigo na yale mtoto aliyoyashuhudia, aombe siku, saa na mahali pa kukabidhiana viandikwe katika amri. Pawe mahali penye watu, na mtoto apokewe na jamaa anayeaminiwa na pande zote.

(c) Wazee na wajumbe wa Mabaraza ya Usuluhishi wasimshurutishe mtu kurejea kwenye kipigo kwa kisingizio cha watoto. Suluhu ya namna hiyo huahirisha msiba tu.

(d) Baba aliyewekewa mipaka ya kumwona mtoto hasamehewi matunzo. Aidha, kumpora mtoto kwa aliyekabidhiwa kisheria ni kosa.

Kwa upande wa Zanzibar, Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki. Iko Sheria ya Watoto ya mwaka 2011, na Waislamu wanayo Mahakama ya Kadhi. Simu ya msaada kwa mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo.

Ndugu Wananchi, Visiwani twasema fahari wawili wapiganapo ziumiazo nyasi. Ninyi wa Mikumi, mnaopakana na hifadhi, mwasema tembo. Mnyama ni tofauti, nyasi ni zile zile. Tuwalinde.