Mkono wa Jack Marsh

Kriketi ina kanuni moja ambayo hata asiyeufuatilia mchezo huo ataielewa upesi. Anayemrushia mpigaji mpira haruhusiwi kukunja kiwiko kisha kukinyoosha wakati anaurusha. Akifanya hivyo mwamuzi anaukataa mpira palepale, na uwanja mzima umeshasikia kwamba huyu ni mdanganyifu.

Mwaka 1900, mjini Sydney, shaka hiyo ilimwangukia Jack Marsh. Alikuwa Mwaborijini kutoka bonde la mto Clarence, kaskazini mwa New South Wales, na miguu yake ilikuwa imeshampatia fedha katika mbio za kulipwa. Mipira yake ilitisha kwa kasi. Katika mechi moja ya majaribio mwamuzi akadokeza kwamba mkono wa kijana huyu haumridhishi. Marsh hakubishana naye. Alikwenda kwa daktari, akafungwa gango mkononi kama mtu aliyevunjika mfupa, akarudi uwanjani na kurusha kwa kasi ileile. Mwamuzi aliona amedhalilishwa, akajitoa mchezoni.

Mimi ningedhani kesi imekwisha. Wapi! Msimu huohuo, New South Wales, timu ya Marsh, ilipokutana na Victoria, mwamuzi Bob Crockett, aliyeheshimika sana Australia, alimkatalia Marsh mipira, na timu hizo zilipokutana tena Sydney mwaka 1901 alimkatalia mingi zaidi. Tangu hapo nafasi zake zikawa za kuhesabu. Katika kriketi ya daraja la kwanza Marsh alicheza mechi 6 tu, akachukua wiketi 34, yaani aliwatoa wapigaji mara 34. Hizo ni zaidi ya wiketi tano kwa kila mechi, na wapo waliovaa kofia ya taifa bila kuzifikia.

Nitaambiwa kanuni ni kanuni. Sawa, na huenda kweli mkono ulipinda siku nyingine. Filamu ya kutuamulia hatuna. Lakini yupo Ernie Jones wa South Australia, mtu wa kwanza kukataliwa mpira kwa kosa hilo katika mechi ya kimataifa, msimu wa 1897/98 dhidi ya Uingereza. Mwaka 1899 Jones huyohuyo alikuwa ziarani Uingereza na timu ya taifa. Jones alikuwa mzungu.

Tukumbuke pia ulikuwa wakati gani. Makoloni ya Australia yaliungana kuwa nchi moja tarehe 1 Januari 1901, na kabla mwaka haujaisha bunge jipya likapitisha sheria ya kuwazuia wahamiaji wasio weupe. Marsh hakuhamia kutoka popote. Ila waliochagua timu walivuta hewa hiyohiyo ya wabunge, na sioni kwa nini tuwafanye watu wa peke yao.

Mwaka 1904 Waingereza walicheza mjini Bathurst, na Marsh akawaangusha wachezaji watano kwa mikimbio 55. Mwaka uliofuata Australia ilipeleka kikosi Uingereza. Hakuwamo.

Miaka mingi baadaye, Desemba 1995, Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka alikataliwa mipira mjini Melbourne kwa tuhuma hiyohiyo. Mwaka 2004 naye alifungwa kifaa cha kukaza kiwiko, akarusha mbele ya kamera. Alistaafu mechi za kimataifa za Test akiwa na wiketi 800. Tofauti ninayoiona mimi haimo mkononi: Muralitharan alikuwa na bodi na nchi nzima nyuma yake. Marsh alikuwa na daktari.

Mei 1916, katika mji wa Orange, Jack Marsh alipigwa mtaani hadi akafa. Wanaume wawili wakashtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Wazee wa baraza hawakuhitaji hata kutoka nje kushauriana. Waliwaachia huru wakiwa wamekaa vitini mwao.