Usimkabidhi Mtu Nyumba Tupu



Tarehe 26 Juni 2018 mji wa Qurayyat, hapa Oman, uliandika rekodi ya dunia. Kwa saa 24 nzima, mchana na usiku, kipimajoto hakikushuka chini ya nyuzi 42.6. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa cha siku ile. Saa kumi ya alfajiri, wakati mtu anatazamia angalau upepo kidogo wa baharini, joto lilikuwa limesimama palepale. Nimeanza na hilo kwa sababu leo nazungumzia vitu vya ndani ya nyumba, na kila mada hii inapotajwa hakosekani mtu wa kusema: maskini ameshapata paa, Alhamdulillahi, AC na friji ni anasa, avumilie. Anayesema hivyo hajalala Qurayyat mwezi wa Juni na mtoto mchanga pembeni.

Mimi nasema hivi: kwa wilaya kama Qurayyat, AC ya chumba kimoja, friji, jiko na magodoro ni sehemu ya nyumba kama ulivyo mlango. Msaada unaoishia kwenye kuta haujamaliza kazi.

Oman haikuwasahau wenye kipato kidogo katika suala la makazi. Wizara ya Nyumba na Mipango Miji ina mipango yake ya misaada ya nyumba, na wapo waliokabidhiwa funguo ambao wasingeweza kujenga hata ukuta mmoja. Lakini siku ya pili baada ya ufunguo ndiyo ninayoifikiria. Watoto wanapiga kelele sebuleni na sauti zinarudi, kwa kuwa chumba hakina kitu. Mama amelaza kilo mbili za jodari ndani ya boksi la barafu, na barafu ile haifiki adhuhuri. Jioni baba anavaa kanzu, anakwenda mjini kutafuta duka linalouza kwa mafungu.

Hapo ndipo matatizo yanapoanza, kwa sababu duka linataka fedha kila mwezi, na bahari hailipi kila mwezi. Qurayyat ni mji wa wavuvi. Nguru, samaki mwenye bei nzuri kuliko wengi, amepigwa marufuku kuvuliwa kuanzia tarehe 15 Agosti hadi 15 Oktoba kila mwaka, ili apate kuzaa. Marufuku hiyo ni ya haki na naiunga mkono, maana bila hiyo wajukuu wetu hawatamjua nguru. Ila mvuvi aliyetia saini mwezi wa Mei kwamba atalipa riali 30 kila mwezi, Septemba atazitoa wapi? Anakopa kwa ndugu kulipa duka, kisha anakopa kwa rafiki kumlipa ndugu. Akiwa ametoa cheki za tarehe za mbele na moja ikarudi, suala limeshatoka dukani, kwa sababu cheki isiyo na fedha katika sheria za Oman ni kosa la jinai.

Mnalijua jambo la Fak Kurba. Jumuiya ya Mawakili wa Oman ililianzisha mwaka 2012, ili kukusanya sadaka na kuwalipia watu waliofungwa au wanaotakiwa kufungwa kwa sababu ya madeni. Ni kazi kubwa, na kila Ramadhani watu wanaitolea kwa moyo. Nawauliza wanaotoa: huyu tunayemchangia atoke kizuizini, kwa nini hatukumchangia friji kabla hajatia saini? Friji ingegharimu kidogo kuliko deni, na watoto wake wasingejua habari za mahakama.

Kuna jambo jingine ambalo familia nyingi hazijalipigia hesabu vizuri. Sheria ya Hifadhi ya Jamii iliyotolewa mwaka 2023 ilianza kulipa mafao mwezi wa Januari 2024. Mwananchi aliyetimia miaka 60 anapata riali 115 kwa mwezi, kila mtoto riali 10, mwenye ulemavu riali 130, mjane au yatima riali 80, na kuna fao la kusaidia kaya ambayo kipato chake hakifiki kiwango. Nyumba yenye bibi mmoja na wajukuu wanne inaingiza riali 155 kabla mtu hajagusa jembe wala nyavu. Fedha hizi zina faida moja ambayo samaki hana: zinakuja mwezi kwa mwezi. Lakini zimewekwa kwa chakula, nguo, umeme na skuli. AC mpya ya chumba kimoja inaweza kuzidi riali 100 peke yake. Ukimwambia bibi aweke akiba kutoka kwenye 155 mpaka anunue AC, friji, jiko na vitanda, majira ya joto mawili yatampita amekaa sakafuni.

Kwa hiyo panahitajika fedha ya mara moja, ya kuanzia. Na Qurayyat njia ipo. Kila wilaya ya Oman ina kamati ya maendeleo ya jamii chini ya liwali, na zipo timu za hisani zinazofanya kazi kwa idhini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii. Vijana wa timu hizi wanazijua nyumba za wilaya yao, wanajua nani ana haja na nani anaona haya kusema. Kijana anayetaka kuoa, na vilevile mama aliyepewa nyumba, nawaomba mpite huko kwanza kabla ya kupita dukani. Hakuna fedheha. Mafakihi walipoeleza nani ni fakiri anayestahiki zaka, hawakumtoa mtu katika ufakiri kwa kuwa na nyumba ya kukaa na vyombo vyake vya lazima. Walijua tangu zamani kwamba mtu hawezi kukaa ndani ya kuta peke yake.

Sisi wa asili ya Unguja, Pemba na Mombasa tuna desturi yetu ya kuchangiana, na imetulea. Ikitangazwa harusi, shangazi analeta masufuria, mama mdogo analeta sahani na vikombe, wanawake wanacheza upatu na anayepokea mwezi ule ananunua kabati. Iendelee. Lakini hapa Oman msichangishe fedha kwa umma, hata kwa ujumbe wa simu, bila ya kibali cha wizara. Ni kosa na mtu anaweza kushtakiwa, hata kama nia yake ni safi. Kusaidiana ndani ya ukoo ni jambo jingine. Ukitaka kutoa kwa watu usiowajua, peleka kwa chombo chenye idhini.

Na tutoe nini? Hapa nitasema kwa uchungu. Fungua mlango wa friji iliyokaa miaka kumi karibu na bahari. Mpira umekatika, mlango haushiki, chini chuma kimeliwa na kutu ya chumvi hadi miguu imelegea. Inanguruma usiku kucha na maziwa yanaharibika vilevile. Mwenyewe amenunua mpya, ya zamani anaipeleka kwa maskini na kuiita sadaka. Aliyepewa ataona haya kuikataa, na mwisho wa mwezi bili ya umeme itakula nusu ya fao la watoto wake. Kitu ambacho hukitaki nyumbani kwako kwa ubovu, usikitoe. Changeni watu watano, nunueni kimoja kipya chenye dhamana, kisha timu ikifikishe usiku bila ya kupiga picha.

Wazee wa Qurayyat hawahitaji kuelezwa thamani ya vitu hivi. Juni 2007 kimbunga Gonu kiliupiga mji wao vibaya, na Juni 2010 kikaja Phet. Nyumba ambazo kuta zake zilisimama ziliingia maji na tope. Godoro lililolowa tope halianikwi likakauka, na friji iliyozama haiwaki tena. Mwenye nyumba yake imara akawa sawa na asiye na nyumba, mpaka alipopata pa kulala na pa kupikia.

Ombi langu kwa wanaokabidhi nyumba ni kwamba magodoro, jiko, friji na AC moja viandikwe kwenye orodha ileile ya milango na madirisha, vifungwe kabla ya ufunguo kutoka. Na kwa wenye maduka ya mafungu: mnawajua wateja wenu, mnajua nani anakula kwa bahari. Wekeni katika mkataba wa mvuvi kwamba Septemba hakuna malipo, na mafungu yaliyobaki yaendelee nguru atakapofunguliwa, Oktoba 15. Hamtapoteza hata baisa moja, mtachelewa tu kuipokea.